Garimoshi Lililonuka Tangawizi

Mtanicheka baadaye, kwanza nisikilizeni. Mjomba Salimu, fundi wa reli, alikereza magurudumu na kulehemu bomba la shaba barazani kwetu Chumbageni mpaka akapata garimoshi dogo la mvuke. Jumapili ile Mzee Bakari wa Pongwe alikuja kulitazama. Alishasema hamwozi binti yake mtu anayecheza na makopo.

"Lete birika la maji ya moto, tupate mvuke upesi," mjomba akaniambia.

Jikoni nilikuta mabirika mawili yanayofanana. Nikachukua moja, nikajaza tangi. Mama akamwekea mgeni la pili, pamoja na kikombe.

Garimoshi likapiga mluzi, likasogea kidogo, likakwama, likarusha matone ya kahawia kwenye kanzu ya mzee. Nikanusa tangawizi. Nikadhani labda shaba ikipata moto hunuka hivyo. Shuleni hatujafika huko. Mjomba akahangaika na bisibisi, nami nikimpa ushauri mwingi.

Mzee Bakari akainamisha birika lake ajimiminie chai, akakitazama kikombe, kisha akalamba tone lililomrukia mkononi.

"Salimu," akasema taratibu, "mbona mgeni umempa maji, chai ukalinywesha garimoshi?"

Wote wakanigeukia. Birika lilikuwa bado mkononi mwangu, majani ya chai yamening'inia mdomoni mwake.