Kondo Jeusi la Mtoto wa Kwanza

Jerodina Ayugi, mke mwenzangu aliyenitangulia kuolewa, alizalisha nusu ya kijiji chetu huku Apac, kaskazini mwa Uganda. Sijaona mkunga mwingine mwenye mikono ile, na nasema hivyo ingawa hatukupendana. Kondo la nyuma alilizika mwenyewe nyuma ya nyumba. Mgeni haruhusiwi kuliona. Ila mimi nilimshikia beseni, nikaona. Makondo ya mimba za kwanza mara nyingi yalitoka meusi kama sufuria ya kuni, na vitoto vyenyewe vidogo. Ayugi alisema mtoto wa kwanza huja na kiza chake, basi.

Binti yake Amuge hakulazwa na malaria tangu akiwa na miaka saba. Kwa mbu wa kwetu hilo ni jambo la kujisifu, na Ayugi alijisifu hadi kanisani. Amuge aliposhika mimba ya kwanza nikamwona amepauka, akitoka kisimani anapumzika mara mbili.

“Bi mkubwa, binti hana damu,” nikasema.

“Wewe homa inakulaza kila mvua, ndiyo maana unaona wagonjwa kila mahali. Damu ya huyu inaua malaria kama kuku anavyomaliza mchwa.”

Zahanati ilimpa Amuge vidonge vitatu vya kuzuia malaria. Siku hiyo maji ya kumezea pale yaliisha, akaja navyo nyumbani. Ayugi akavichukua.

“Unaumwa nini wewe? Dawa ni ya mwenye homa.”

Amuge akacheka, akaendelea kupepeta ufuta. Homa kweli hakuwa nayo.

Alijifungua kabla ya mwezi wake. Mtoto wa kike, alienea kwenye viganja vyangu viwili. Kondo likatoka jeusi.

Tulimkimbiza mtoto zahanati. Nesi akauliza kondo lilikuwaje. Ayugi akainamisha kichwa, nikajibu mimi.

“Mama, hukukosea kumsifu binti yako,” nesi akamwambia taratibu. “Vimelea vya kila siku mwili wake unavijua. Kinga inavinasa, chembe nyeupe za damu zinavimeza, vingine vinachujwa kwenye wengu. Lakini vinavyojificha kwenye kondo vinavaa ngozi nyingine, na mwili wake haujawahi kuwa na kondo. Haukuvitambua. Homa haiji, vinamlia mtoto chakula chake. Mimba ya pili, ya tatu, mwili unakuwa umejifunza.”

Siku ya nne mtoto alifariki.

Tulipotoka kuzika, Amuge alimgeukia mama yake.

“Kwa hiyo wa pili ataishi?”

“Mwili wako utakuwa umejua, mwanangu.”

“Na huyu alikuja kuufundisha tu?”

Ayugi akatangulia njiani. Mzaliwa wangu wa kwanza naye alipokewa na mikono ile ile, na kondo lake lilikuwa jeusi vile vile.

Baadaye Ayugi alimsindikiza zahanati kila msichana mwenye mimba ya kwanza, akasimama mbele yake mpaka ameze vidonge. Wasichana walimwita askari jela. Amuge alikaa mwaka mzima hamwamkii mama yake.