Dakika Moja ya Giza

Kazini walimwita Redio, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa mwongoza wageni katika makumbusho ambayo zamani yalikuwa gereza, na aliweza kuzungumza kutoka getini hadi ua wa nyuma bila kumeza mate. Aliwaonyesha wageni pingu, vitanda vya saruji, na majina ambayo wafungwa waliyakwaruza ukutani kwa misumari. Mwisho kabisa aliwaingiza katika chumba cha giza, akauvuta mlango wa chuma, na kujifungia nao humo kwa dakika moja.

Dakika hiyo ndiyo iliyovuta watu. Walitoka wameshika vifua, wengine wakichekacheka kwa aibu, wakaenda zao kuwasimulia wenzao. Mgeni alifungiwa mara moja maishani. Redio alifungiwa na kila kundi, kwa kuwa sharti mwongoza wageni awe ndani, asije mtu akazirai.

Kwa miaka mingi dakika hiyo haikumsumbua. Gizani humo alikuwa akiwaza mboga ya jioni. Halafu siku moja akamsikia mtu karibu yake anahema mbiombio, akataka kumwambia atulie, kumbe anayehema ni yeye mwenyewe.

Tangu hapo hata mlango wa bafu nyumbani ukamshinda. Mumewe, fundi wa makochi, alikuwa akipigilia kitambaa sebuleni, misumari midogo ameibana midomoni, alipouona uko wazi.

"Mama watoto," alisema kwa kubana meno, "ukioga mlango wazi hivyo, kesho majirani watataka na wao wakatiwe tiketi."

Redio hakucheka. Fundi akaitema misumari kiganjani.

"Kwani kuna nini?"

"Nikiufunga tu, pumzi inakata."

Fundi akachukua bisibisi. Aling'oa komeo, akatundika pazia la kitambaa cha makochi, kizito, chenye maua makubwa. "Kawaambie wakubwa zako," alisema. "Mimi naweza kung'oa makomeo ya hapa tu."

Redio akaenda kwa Mkuu wa makumbusho. Hakuomba likizo wala cheo. Aliomba aachiwe maelezo yote, ila kufunga mlango apewe mtu mwingine.

"Wewe, Redio?" Mkuu alishangaa. "Wewe si ndiye mwenye chumba? Hata mimi lifti siipendi, lakini napanda. Subiri, nimeagiza semina ya afya ya akili kwa wafanyakazi wote. Utayasema huko."

Redio akasubiri. Akisubiri, alianza kuuacha mlango wazi kidogo, upenyo wa kupitisha mkono. Haikupita wiki, akaitwa ofisini.

"Wageni wanalalamika," Mkuu alisema. "Wanasema wamelipia giza zima, wameonyeshwa nusu. Likijirudia hili, nakupeleka kukata tiketi."

Kibanda cha tiketi kilikuwa kidogo kuliko kabati, na kina komeo. Redio alitoka ofisini akijiuliza. Yeye aliyeishi kwa kuongea, sasa akakae kwenye kibanda kusema "asante, karibu" mpaka astaafu? Na kosa lake ni lipi, kama si kuomba hewa?

Siku ya semina ikafika. Mwezeshaji, mama mmoja mpole, alisema mwili huanza kulalamika kabla ya mdomo, na anayebeba mateso ya watu kila siku, hata yawe ya zamani, mgongo wake huchoka. Redio alihisi anasemwa yeye. Akanyoosha mkono. Kabla hajapewa nafasi, Mkuu akasimama.

"Kabla ya maswali," alisema akitabasamu, "mgeni wetu hajaona gereza letu. Redio, mpitishe. Na usisahau kumfungia ile dakika yetu."

Watu wakapiga makofi. Redio akashusha mkono.

Aliwapitisha wote, pingu, vitanda, majina, asiruke hata neno. Walipofika kwenye chumba cha giza alisimama nje.

Mlinzi wa geti, mzee mwenye utani na kila mtu, akamsogelea. "Vipi, Redio, betri zimekwisha?"

"Zimekwisha, mzee wangu."

Akamgeukia Mkuu. "Maelezo yangu yameishia hapa. Ndani siingii."

"Usituaibishe mbele ya mgeni," Mkuu alinong'ona.

"Basi ingia wewe, ufunge."

Macho yote yalikuwa kwa Mkuu. Aliingia na mwezeshaji pamoja na watu kadhaa, mlango ukalia. Redio alibaki uani akiwa na hasira iliyomfanya atamani kulia na kutukana kwa pamoja.

Mkuu alitoka mkunjufu. "Mbona kawaida tu?"

Mwezeshaji alitoka akijifuta paji la uso. "Mkuu, umeingia humo mara ngapi?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Na yeye?"

Mkuu alikohoa. "Hilo tutalijadili kwenye kikao." Papo hapo kengele ya geti ikalia, kundi la wanafunzi limewasili. Akashukuru kengele waziwazi. "Redio, watu wako hao."

"Nitawafikisha mpaka hapa mlangoni," Redio alijibu. "Kufunga utafunga wewe."

"Unajua kibanda cha tiketi kipo wazi?"

"Najua. Ukitaka kunipeleka, nipeleke. Humo pia nitakaa na mlango wazi."

Mkuu alimtazama mwezeshaji, mwezeshaji naye alikuwa akimtazama yeye, akingoja jibu.  Mkuu aliegemea ukuta kando ya mlango wa chuma, mikono kifuani.

Redio akaenda getini kuwapokea wanafunzi. Siku hiyo maelezo yake yalikuwa marefu kuliko kawaida. Kila pingu aliipa haki yake, kila jina ukutani alilisoma lote, na watoto walipouliza maswali aliwaambia waulize tena. Mkuu alikuwa bado anangoja mlangoni.