Mashavu ya Mama

Baridi yabisi ilipomshika mama, ilimvimbisha vidole na kumkausha mwili mzima. Kijijini kwetu, juu ya Mlalo, mke akikonda anayesemwa ni mumewe, basi baba akawa anakula kwa kujificha, utadhani chakula kile kakiiba. Daktari wa misheni alimweleza mama kwamba viungo vyake vinawaka kwa ndani, na moto huo unakula nyama ya mwili hata mtu akishiba. Akampa vidonge. Vitapoza moto, alisema, lakini vitaleta njaa, na sukari inaweza kupanda kwenye damu, kwa hiyo ajizuie kula.

Mama alisikia neno njaa tu. Haikupita miezi mingi mashavu yakajaa, na kila akipita njiani alijigeuza atazamwe pande zote mbili. Vidole vilipata nafuu, ila kufumba ngumi bado hakuweza.

Ndipo akaja balozi wa nyumba kumi, mtoto wa kaka yake mama, aliyekuwa amemsamehe mama kulima shamba la kijiji kwa ajili ya ugonjwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Shangazi, watu wananiuliza ni mgonjwa gani huyu ananenepa. Kama unaumwa nikawaambie. Kama umepona, kesho shambani."

Ilitosha amwonyeshe vidole. Lakini akikiri ugonjwa, mashavu yataitwa uvimbe, na baba atarudi kusemwa. Mimi binti yake nilimkanyaga mguu chini ya meza, aseme kweli.

"Nimepona," alisema mama. Nilimkasirikia hadi machozi yakanitoka.

Asubuhi alikwenda, mpini wa jembe ameufunga kiganjani kwa kipande cha kanga. Wanawake walikiona. Waliokuwa kushoto na kulia kwake walizidi kuingia kwenye tuta lake, huku wakiyasifu mashavu yake kwa sauti, mpaka tuta likaisha. Balozi, ambaye macho yake ni mazima kabisa, siku hiyo alipendezwa sana na mawingu.

Hata hayo majembe machache aliyopiga yalimtosha. Jioni vidole vilikuwa vimevimba vibaya, havimegi ugali. Mama alikaa mbele ya sahani, njaa ya vidonge inamtafuna, akaiangalia sahani, akaniangalia mimi.

"Funga mlango kwanza," akasema, "halafu unilishe."

Nikaufunga, nikamega tonge, naye akafungua kinywa.