Siku tulipopanga foleni ya watoto kwenye josho la ng'ombe

Habari za humu wakuu. Wakubwa zangu shikamooni, kama bado mpo. Wengine wote marahaba.

Mimi ni bibi wa Nzega. Akaunti kanifungulia mjukuu, ila kuandika naandika mwenyewe. Haya niliyafanya kwa miguu yangu, chumvi sitaongeza.

Nimesoma uzi wa jana kuhusu bima ya afya. Mchangiaji mmoja kasema kwenda kupima ukiwa mzima ni kuchezea bima, eti bima ni ya mgonjwa.

Nikacheka peke yangu. Maneno hayo hayo niliambiwa enzi za Ujamaa, nikiwa na mtoto mgongoni.

Twende taratibu.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya upande wa Puge. Shamba la kijiji lilikuwa la pamba, na pamba ikatununulia mkokoteni wa ng'ombe. Matibabu zahanati yalikuwa bure, kazi ilikuwa kufika. Mkutano ukapitisha kwamba mtu akiugua, kijiji kinampeleka kwa mkokoteni, awe nani awe nani.

Hiyo ndiyo ilikuwa bima yetu, na kusema kweli ilikuwa nzuri. Shida yake ni moja tu, lazima uugue kwanza.

Mtoto wangu wa kwanza alikufa kwa surua kabla hatujahamia. Sitaeleza sana, waliozika watoto wanajua.

Sasa nilikuwa na wa pili, Masanja, na habari zikaja kwamba surua iko Bukene. Zahanati chanjo ilikuwepo. Kwa miguu haikuwezekana, mbuga ya njiani ilikuwa imejaa maji na kinachovuka ni mkokoteni tu. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti alikuwa mdogo wake mume wangu, shemeji yangu wa kutaniana kila siku. Siku hiyo hakutania.

"Shemeji, mtoto anaumwa nini?"

"Haumwi. Nataka achanjwe."

"Mkokoteni ni wa wagonjwa. Nikianza kupakia wazima, mjamzito akizidiwa nitambeba mgongoni?"

Hoja yake ilikuwa na kichwa na miguu, ndiyo maana iliniuma. Nilirudi nyumbani nalia. Kisha nikakasirika, na mimi nikikasirika akili ndiyo inakuja.

Kila Alhamisi ilikuwa siku ya josho. Kwa vijana wa mjini: josho ni mtaro wa saruji uliojazwa dawa ya kupe, ng'ombe anatumbukia huku anatokea kule. Kijiji kizima kilipeleka ng'ombe, wanono, wazima kabisa. Hata wale wa mkokoteni walikwenda. Hakuna aliyeuliza ng'ombe anaumwa nini.

Kisimani nikawaambia wanawake wenzangu. Walicheka mpaka ndoo zikamwagika, halafu kila mmoja akamtazama mwanawe.

Alhamisi ilipofika tukabeba watoto, tukaenda kujipanga kwenye josho nyuma ya ng'ombe. Bwana mifugo akatuma mtu kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti akaja mbio. "Shemeji, mmepotea?"

"Hatujapotea. Tumeleta watoto waogeshwe. Tumeona kijiji hiki mzima anayetunzwa ni mwenye pembe."

Wanaume wakaangua kicheko. Yeye akajikaza, akatupia macho ile foleni, na nyuma kabisa akamwona mke wake na mtoto wao. Mke hakuinamisha macho.

 Akasema, "Ng'ombe wa mkokoteni wakishakauka, wafungwe kwenye mkokoteni wao. Anzeni na wadogo."

Wakuu, sijawahi kufurahi vile, hata siku ya harusi yangu. Tulivuka ile mbuga tunaimba, matope mpaka kwenye vitambaa vya kichwa. Masanja alipochomwa sindano alilia kwa hasira, nami nikalia naye kwa raha.

Mkutano uliofuata ukapitisha kwamba siku ya josho mkokoteni uende na watoto na wajawazito, wazima wote. Labda kuwe na mgonjwa mahututi, huyo kwanza.

Surua ilifika kwetu kabla ya mavuno. Masanja wangu haikumgusa.

Nilichojifunza: kijiji kinachosubiri uugue ndipo kikubebe kimekusaidia nusu. Bima nayo ni hivyo hivyo. Zipo zinazolipia kupima na chanjo, zipo zisizolipa. Ulizeni dirishani mkiwa wazima, msisubiri kubebwa.

Masanja mwenyewe sasa ni babu. Kadi ya bima anayo, inalipia vipimo, ila presha hataki kupima. Juzi kaniambia, "Mama, mimi siumwi."

Nikamuuliza kama anataka nimpeleke josho.

Akavaa viatu.

Haya, nyie kadi zenu zinalipa mkiwa wazima? Semeni hapa tujue. Na yule mchangiaji wa jana, mjukuu wangu, nakusubiri kwa hamu.