Mirija Mingi, Chungu Kimoja

Katika zahanati yetu karibu na Sotik, kila mgonjwa huulizwa kuhusu pombe, hata mwenye shida ya goti tu. Nilimuuliza mzee mmoja hunywa glasi ngapi za busaa.

“Glasi gani, daktari? Wazee wote tunanyonya kwa mirija, chungu kimoja. Nani atajua yangu ni ngapi?”

Nikamwambia kwa mzaha awalete wenzake tugawanye hesabu ya chungu. Alhamisi wakajaa benchi, makoti yamepigwa pasi. Ilibidi niingie stoo nicheke kwanza. Kila niliyemwita alifunga mlango, akaninong'oneza kwamba yeye hunyonya kidogo, mnyonyaji ni yule aliyeketi dirishani.

Wa dirishani akaingia mwisho.

“Wamesema kweli,” akaniambia. “Mwenzetu alipotuletea maneno yako, mimi ndiye niliyewasihi tuje wote. Peke yangu ningeogopa.”