Nyumba Saba Hadi kwa Rehema

Mama Mwanvua alikuwa mwanamke wa kuamkia watu. Ukijifungua, yeye wa kwanza mlangoni. Ukifiwa, yeye wa kwanza mkekani. Mtaa wote pale Kasongo uliujua mwendo wake, na mkwewe Rachida, aliyeishi naye nyumba moja, aliujua zaidi, kwa sababu mtu anayeshinda kwa watu huwaachia wenzake vyombo.

Kisha pikipiki ikamwangusha kwenye barabara ya Kabambare, nyonga ikavunjika, na kwa miezi saba akawa mtu wa kuamkiwa. Rachida alimhurumia sana. Alidhani pia, bila kumwambia mtu, kwamba mambo ya kuzunguka yamekwisha.

Hapo ikaja habari ya Rehema. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Mwanvua, yaya yake kama wasemavyo Kasongo. Alikuwa haoni tena, na kwa miaka miwili hakuinuka kitandani bila kushikwa mkono. Nyumba yake ilikuwa ya saba kuhesabu kutoka kwao, njia ileile. Binti yake wa Kindu alituma neno: angekuja kumchukua akaishi naye huko daima, kabla ya Ramadhani. Yalibaki majuma kumi, na madada hao hawakuwa wameshikana mikono tangu ajali.

Wana wa Mwanvua walitaka kumbeba mama yao kitini. Akawafukuza.

“Mutanibeba siku ya kunizika,” alisema. “Yaya yangu nitamwamkia na miguu yangu.”

Ijumaa hiyo alimwita Rachida. “Juma hii nyumba moja tu. Kwa Mama Hidaya. Nikifika pale, nimemaliza. Juma ingine, ya pili.”

Rachida alijikaza asicheke. Nyumba moja, hatua arobaini! Lakini kila asubuhi alimwona akijizoeza uani na fimbo yake, jasho likimtiririka, mdomo umefungwa kwa hasira. Ijumaa ikafika, akatoka.

Basi Mama Hidaya alipomwona tu, alishika kiti akaja mbio. “Mama, ikala! Ikala, mama yetu!” Angefanyaje? Kasongo ukimwacha mzee aje mpaka mlangoni kwako nawe umekaa unamtazama, watu watauliza nani alikulea. Mwanvua akakalishwa katikati ya njia, akapewa maji, akapigiwa stori, akarudishwa kwao kwa heshima zote. Ijumaa ya pili hivyohivyo. Ya tatu, viti vilikuja viwili. Majuma matatu yalikuwa yamekwenda, na hajavuka hatua ishirini.

Juma la nne hakutembea. Aliwaita wenye nyumba zote za njia ile, akawaambia, “Juma hii kazi yangu ni kuomba. Mukiniona nakuja, musiamuke kwenye viti. Muikale tu.”

Mama Hidaya alikuwa karibu kulia. “Watu watasema hatukufunzwa, mama.”

“Waseme. Miye nataka kufika.”

Kuanzia hapo alifika. Kwa Mama Hidaya, kisha kwa mzee Ayoubu, kisha kwa Mama Laura, kila Ijumaa nyumba moja zaidi, anapumzika pale mpaka nguvu zirudi. Rachida alihesabu, akaona hesabu haifiki. “Mama, tuongeze mbili mbili.” Jibu lilikuwa moja: “Moja.” Na kweli, Ijumaa ya mwisho ilipofika alikuwa amefika ya tano tu, na gari la Kindu lilikuwa linaondoka kesho yake.

Siku hiyo watu walikuwa wamekaa milangoni mapema. Mwanvua alipita, nao wakamwitikia salamu wakiwa wameketi. Mama Hidaya alikuwa ameuma pindo la kitenge chake. Mzee Ayoubu, ambaye huinuka hata kwa mtoto wa madrasa, alikalia mikono yake. Rachida alitembea nyuma. Alikuwa ameishi mtaa huu tangu aolewe, na hakuwahi kuona heshima kubwa kama ile ya watu kuacha kuinuka.

Kwenye nyumba ya sita mguu ulianza kutetemeka. Kiti kilikuwepo, kitupu, hatua mbili tu. Mwanvua akasimama juani, ameegemea fimbo, hasongi mbele wala harudi. Rachida akapiga hatua kumshika. Mama mkwe akageuza uso, akamtazama. Rachida akakaa chini palepale, kwenye vumbi, na machozi yakamtoka, maana aliogopa na alimstaajabia kwa wakati mmoja.

Fimbo ikasonga. Mguu ukafuata.

Mlangoni kwa Rehema sauti ya Mwanvua ilikuwa imekauka. “Hodi, yaya.”

Rehema akageuzia sikio mlangoni. “Mwanvua? Nani amekubeba?”

“Hakuna mutu.”

“Iko nani nawe?”

“Niko peke.”

Rachida alikuwa amefika nyuma yake, akaona. Mkubwa haamkii mdogo kwa kusimama. Huketi, mdogo akainama. Rehema aliujua utaratibu huo kabla hawajazaliwa wote waliokuwa njiani. Akapapasa ukuta, akaweka mguu mmoja chini, kisha wa pili, akasimama. Mwanvua akaingia mpaka kitandani, akaiacha fimbo ianguke. Walishikana mabega, wazee wawili wanayumba pamoja, na katika mtaa mzima hakuna aliyewaletea kiti.