Kitako cha Chungu

Katika bonde lile la Virginia Magharibi kila mchimba makaa alikijua kitako cha chungu. Ni kisiki cha mti wa kale kilichogeuka jiwe, kikabaki kimekwama kwenye paa la mgodi. Ukiinua taa unaona duara tu, kama tako la chungu likitazamwa kutoka chini. Jiwe bovu la kawaida ukiligonga kwa nondo hulia kama ngoma, nawe unaondoka chini yake upesi. Kitako hulia kama jiwe zima, kisha hushuka.

Kimoja kilimshukia Verlin, kaka yake Harless Stiltner, wakiwa wamekaa wanakula mchana. Harless aliinama kuchukua kahawa. Alipoinua macho, mahali pa kaka yake palikuwa na jiwe. Hakusikia hata mlio wa ufa, na mkate wa mahindi ulikuwa bado mdomoni mwake.

Siku hiyo Harless aliapa kwamba mgodi hautamla, atatoka mzima afie kitandani kwake. Akawa mtu wa kugonga. Aligonga paa la mgodi kabla ya kila pigo la sururu, na nyumbani akagonga dari ya jikoni kwa mpini wa fagio. Watu walimcheka, ingawa neno la kitako lilikuwa midomoni mwao wote. Mbwa anayetikisa mkia kisha anauma, kitako cha chungu. Mkwe mpole kupita kiasi, kitako cha chungu huyo, mtamwona. Ila chini ya ardhi halikutamkwa kamwe, na hakuna mke aliyepindua chungu kifudifudi mumewe akiwa kazini. Ocie, mke wa Harless, vyungu vyake vilikaa wima miaka yote, vikishika vumbi ndani.

Harless alistaafu akiwa na vidole vyake vyote. Jioni ile Ocie alivipindua vyungu vyote rafuni, kimoja kimoja, huku akilia kwa furaha.

Jumapili moja baadaye walirudi kutoka kanisani, Ocie akamvua mumewe shati amsugue mgongo kwa kafuri.

"Umekohoa ibada nzima, mzee. Mchungaji alidhani unambishia."

"Vumbi tu, mama. Litatoka lenyewe."

"Miaka yote umetugongea dari, hatulali. Leo zamu yako. Tulia nisikie kama humu hamna kitako."

Akamgonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, akicheka.

Harless akakaza shingo. Jikoni maharage yalikuwa yakitokota pole pole.

"Gonga tena," alisema.

"Nimekuumiza?"

"Gonga, mama. Chini kidogo."

Akagonga. Sauti ikatoka ndani yake, pana na tupu, ya ngoma. Ocie hakuijua. Harless aliijua kuliko sauti ya mama yake mzazi.

Miguu yake ilifanya ilivyozoea. Aliruka kutoka kitini, akatoka mbio hadi barazani, akashuka ngazi, akasimama uani chini ya mbingu tupu, bila dari wala jiwe juu yake. Akainama akitafuta pumzi. Ocie alimfuata na shati mkononi.

"Unakimbia nini, Harless?"

Alijaribu kumjibu. Kifua kililia kwanza.